Ruta ya CNC inapoteza hatua? Pima kompyuta kabla ya kushika spana

Juzi niliitwa karakana moja hapa Bagamoyo kuangalia ruta ya CNC, mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Ua la katikati ya mlango wa mvule lilikuwa limehama milimita tatu, na fundi alishanunua draiva mpya, kifaa kinachoendesha mota. “Kaka, mkanda nimeukaza mpaka unalia kama gambusi.” Kosa halikuwa huko.

Hatua hizi ni za mashine zinazoendeshwa na LinuxCNC (programu ya CNC kwenye Linux) kupitia poti ya printa, ambapo kompyuta yenyewe ndiyo inayotuma mapigo kwa draiva, pigo moja kwa kila hatua ya mota.

1. Funga kalamu badala ya biti, chora mraba uleule mara ishirini. Mstari ukikosea palepale kila mara, kagua mkanda na kapling. Ukihama ovyoovyo huku skrini ikisema umerudi sifuri, endelea.

2. Andika latency-test kwenye terminali. Fungua glxgears kadhaa na nakili faili kubwa ili kompyuta itoke jasho, kisha soma “Max Jitter” (kuchelewa kukubwa kuliko kote) ya base thread, sehemu ya programu inayotoa mapigo. Wastani haukusaidii kitu. Mapigo 10,000 kwa sekunde maana yake ni pigo moja kila mikrosekunde 100. Moja likichelewa 60, linalofuata linafika baada ya 40 tu. Ghafla mota inatakiwa iende kwa kasi ya mapigo 25,000. Inaguna, inabaki pale pale, na programu haina habari. Chini ya nanosekunde 20,000 (mikrosekunde 20) ni safi. Ikifika 50,000 utafanya kazi polepole. Ikipita 100,000, usiguse mbao.

3. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Linux haijawaka), zima SpeedStep na C-states za kuokoa umeme, na Hyper-Threading inayofanya kori moja ionekane mbili. Hiyo ni dakika tano.

Kilichonila mimi usiku mbili ni kingine. Nilipima nusu dakika, nikaona 12,000, nikafurahi, nikaharibu ubao. Kesho yake niliacha kipimo kinaenda nikatoka kunywa kahawa, kurudi, 190,000! Nikakaa na saa ya simu, nabonyeza kitufe cha kufuta takwimu kila namba inaporuka. Ilikuwa inaruka kila baada ya dakika moja na sekunde chache, kama adhana ya saa mbovu. Mruko wa vipindi sawa hivyo mara nyingi ni SMI: BIOS inamkamata prosesa kwa shughuli zake bila kuiambia Linux. Kwangu ulikwisha nilipozima USB Legacy Support.

Ila angalia. Ukizima hiyo, kibodi ya USB inaweza kukataa kabla Linux haijawaka, kwa hiyo tafuta ya PS/2 (ya zamani, yenye plagi ya duara) kwanza. Usizime SMI zote kwa mkupuo, kwani kwenye bodi nyingine ndizo zinazolinda prosesa lisiungue, na joto letu unalijua. Badili kitu kimoja, pima angalau nusu saa, ndipo uguse kingine. Na kompyuta ya mtumba ibadilishie betri ya CR2032. Ikiwa imekufa, umeme ukikatika tu BIOS inasahau yote uliyoweka.

4. Prosesa lina kori mbili? Ongeza isolcpus=1, inayotenga kori moja kwa ajili ya mapigo, kwenye GRUB (programu inayowasha Linux), kisha sudo update-grub.

5. Ingiza namba yako ya jitter kubwa kuliko zote kwenye Stepconf, programu ya kusanidi LinuxCNC.

6. Imegoma bado? Nunua kadi ya Mesa, itengeneze mapigo yenyewe. Laptopu kwa kazi ya poti ya printa mimi siigusi, hata ukinilipa.