Kupanga nyimbo kwa poshete (picha ya jalada la albamu) ili dijei azitambue bila kusoma

Mwongozo huu ni wa yule mwenye nyimbo tele kwenye mashini, lakini kila akifungua anakuta majina ya faili za WhatsApp kama AUD-20210314-WA0007 na ndugu zake. Nimeuandika baada ya kumpangia dada mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayepiga muziki kwenye harusi. Ukumbi una giza, wajomba wanadai rumba, naye hana nafasi ya kusoma majina. Anataka aone picha, abonyeze.

1. Nakili kila kitu kwenye diski nyingine kwanza.

2. Weka Mp3tag, programu ya kuhariri maandishi yaliyo ndani ya faili za muziki. Kwa Windows ni ya bure. Ziko programu zinazojitafutia majina na poshete kwenye intaneti, ila kwa muziki wetu sizitaki. Rumba ya zamani imetolewa upya Ulaya kwenye mikusanyo mingi, basi programu inaupeleka wimbo huu kwenye mkusanyo mmoja, unaofuata kwenye mwingine, na albamu yako inatawanyika. Tumia mkono.

3. Jaza msanii wa albamu. Hapa ndipo saa zinapoliwa.

Programu nyingi za kuchezea muziki haziangalii folda. Zinasoma maandishi yaliyo ndani ya faili. Albamu ikiwa moja lakini msanii ameandikwa Franco, kisha Franco & OK Jazz, kisha Franco et le TPOK Jazz, utaona poshete tatu. Wala hakuna aliyekosea: orkestra ilianza mwaka 1956 kama OK Jazz, «Tout Puissant» ikaongezwa baadaye. Mwimbaji Tabu Ley ndiye balaa zaidi: mara Rochereau, mara Seigneur Rochereau, mara Afrisa, jina la orkestra yake.

Usiyafute majina hayo. Acha «Artiste» ilivyo, pamoja na wageni walioalikwa kwenye wimbo. Chagua nyimbo zote za albamu, kisha kwenye «Artiste de l'album» andika jina moja tu. Nafasi tupu mwishoni mwa jina, ambayo jicho haliioni, inaweza kutosha kuipasua albamu tena. Na ukiwa umechagua nyimbo nyingi, usiguse sehemu ya jina la wimbo, la sivyo zote zitabatizwa jina moja. Mikusanyo ya wasanii wengi iandike «Artistes divers», kila mara hivyo hivyo.

Nyimbo zisizo na albamu je? Zile ambazo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, ni za enzi ya santuri, wimbo mmoja kila upande. Ukiacha sehemu ya albamu tupu, zitatupwa kapu moja na kila kisichojulikana. Mimi nimeziundia albamu, «Mwenda wa Bayeke: santuri», na poshete yake ni picha ya ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri.

4. Weka picha. Iwe mraba, JPEG, pikseli 500 kwa 500. Iburute hadi kwenye kisanduku cha picha, kisha Ctrl+S. Kumbuka picha inaingia ndani ya kila wimbo: ya KB 100 kwenye nyimbo 1,000 inakula MB 100, ya MB 3 inakula GB 3, na kle ndogo (flash ya USB) imejaa. Ukiihifadhi kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, ondoa alama ya «Progressif», maana redio nyingine za gari hazioneshi picha za namna hiyo.

5. Fungua MusicBee, programu ya kuchezea muziki, chagua mwonekano wa albamu. Nyingine, foobar2000, ni nyepesi, lakini itakupotezea siku nzima kwa kuipamba.

6. Nyimbo zisizo na poshete kabisa, zitengenezee mraba wa rangi tupu: nyekundu kwa sebene (muziki wa magitaa wa kuchezesha), kijani kwa nyimbo za dini, njano kwa kuingiza maharusi. Bluu usiichague, ukipunguza mwanga wa skrini inafanana na nyeusi.