Kabla ya kulinganisha fahirisi mbili, angalia kama gawio limo

Juzi nimegundua nilikuwa nalinganisha vitu visivyolingana. DAX, fahirisi (kipimo cha jumla cha hisa za kampuni kubwa) ya Ujerumani inayotangazwa kila siku, huhesabu gawio (faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) kana kwamba limenunua hisa tena; S&P 500, fahirisi ya Marekani, inayotangazwa hufuata bei za hisa tu. Tafuta toleo la S&P 500 lenye gawio ndani, ndipo ulinganishe. Kampuni ikitoa gawio la 2 kwa hisa ya 100, bei hushuka hadi karibu 98 siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio hilo. Fahirisi ya bei huona hasara, ilhali mwenye hisa hajapoteza kitu, kwani ile 2 ameipata! Kwa wiki moja tofauti haionekani, ni ya miaka. Na toleo la kawaida lenye gawio halikati kodi wala ada ya dalali, hivyo mfukoni itaingia pungufu.