Uvimbe wa shingoni: upapase kabla hujaukata

Mketishe mgonjwa, simama nyuma yake, papasa kwa ncha za vidole. Anywe funda la maji: uvimbe ukipanda anapomeza, mara nyingi ni goita. Kisha atoe ulimi nje. Kivimbe cha katikati kikivutwa juu, huenda ni kifuko cha maji alichozaliwa nacho.

Mitoki (tezi zilizovimba) isiyouma, iliyogandana, yatia shaka ya TB hata bila kikohozi. Hiyo usiichanje wala kuitumbua kwa wembe, tafadhali: kidonda huchuruzika usaha miezi kadhaa bila kufunga. Dawa zake ni za miezi 6.

Uvimbe ukipita wiki 2, nenda hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine kwa walio Lindi. Ukiwa mgumu kama korosho ghafi na hausogei, usingoje hizo wiki.