Gari linagoma kuwaka kwenye P lakini linawaka kwenye N: jinsi ya kupima swichi ya gia ya otomatiki

Swichi hii inakaa ubavuni mwa gia boksi, imepachikwa kwenye shafti inayozungushwa na kebo ya mkono wa gia. Inaruhusu stata ipige kwenye P na N tu, inawasha taa za rivasi, na inaijulisha kompyuta na dashibodi gia iliyochaguliwa. Maelezo haya yanafuata Toyota zenye swichi ya nje, kama Corolla na Premio za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Swichi nyingi zinatupwa zikiwa nzima kwa sababu fundi aliona kodi P0705 (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari) akakimbilia dukani. Kodi hiyo inataja saketi nzima: waya, soketi na marekebisho (mkao wa swichi kwenye shafti) vimo humo pia.

1. Soma dalili kabla ya kushika spana.
Likiwaka N na kugoma P, shuku marekebisho, kebo, au pointi ya P (sehemu ya kugusana ndani ya swichi) iliyolika. Likigoma kote kuwili huku herufi za dashibodi na taa za rivasi zikifanya kazi vizuri, anza na betri, relei ya stata na swichi ya ufunguo. Herufi mbili zikiwaka pamoja, au hakuna hata moja, ukweli uko karibu na swichi yenyewe. Likipiga stata kwenye D, lisiendeshwe mpaka litengenezwe.

Betri iliyopumzika isome angalau volti 12.4, la sivyo ichaji kwanza.

2. Zuia gari lisitembee.
Hendibreki juu, mawe mbele na nyuma ya matairi, msaidizi akanyage breki. Usisimame mbele ya gari wakati wa kupiga stata.

3. Fyuzi na soketi.
Taa za rivasi mara nyingi zinapata umeme kupitia fyuzi ya ampia 10 iliyoandikwa GAUGE. Kisha chomoa soketi ya swichi. Kwenye gari nyingi ni lazima utoe betri au boksi la ea klina ili mkono ufike. Tafuta ukungu wa kijani kwenye pini, maji, na oili ya gia boksi. Oili ikiwemo, sili ya shafti inavuja, na swichi mpya itakufa vilevile. Maji huingia hasa injini inapooshwa kwa mashine ya presha.

4. Pima ukinzani, soketi ikiwa imechomolewa.
Huna mchoro wa waya? Usitegemee rangi, zinabadilika kwa modeli. Weka multimita kwenye omu, shika pini za upande wa swichi, na msaidizi asogeze gia moja moja. Jozi inayofunga (inayopitisha umeme) P na N tu ndiyo ya stata. Pini nyingine moja, inayopokea umeme, inaungana kwa zamu na pini ya kila gia: kwenye R ndipo taa za rivasi.

Iliyofunga isome chini ya omu 1, iliyo wazi isome kilo-omu 10 au zaidi. Usiridhike na mlio wa multimita, maana nyingi zinalia hata kwenye omu 30.

5. Pima volti ikiwa na mzigo. Hapa ndipo wengi wanapotea. Multimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo pointi chafu itaonyesha volti 12 safi kabisa. Rudisha soketi, na betri kama uliitoa, ingiza sindano nyembamba kwa nyuma ya pini (usitoboe waya), washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, weka R. Balbu mbili za wati 21 zinavuta takriban ampia 3.5; omu 1 tu ya uchafu inakula karibu volti 3, na taa zinafifia. Tofauti kati ya pini inayoingia na inayotoka ikizidi volti 0.5, pointi zimeisha.

Kwa upande wa stata, msaidizi ashikilie ufunguo kwenye START huku gia iko P. Umeme unaingia lakini hautoki: swichi. Hauingii: tatizo liko kabla ya swichi, iache ipumzike.

6. Rekebisha kabla ya kununua.
Toa kebo kwenye mkono mdogo wa shafti, usukume mpaka mwisho upande wa P, urudishe midundo miwili: hiyo ni N. Legeza bolti mbili za swichi kwa spana 10, zungusha mwili wake mpaka mstari wa N ulingane na mfuo wa shafti, kisha kaza kwa newton-mita (Nm) 5.4. Ni kidogo sana, ukikaza kwa nguvu plastiki inapasuka. Kebo irudi bila kuvutwa. Ikilazimisha, rekebisha kebo, siyo swichi.

Kuunganisha waya za stata moja kwa moja ili gari liwake ni hatari: kuanzia hapo litapiga stata hata kwenye D, na litaruka.

7. Hakiki.
Futa kodi, jaribu stata kwenye kila gia. R, D, 2 na L zikatae. Kodi ikirudi ilhali vipimo vyote vimepita, acha multimita kwenye pini na tikisa kifungu cha waya pale kinapopinda karibu na gia boksi. Waya uliokatika ndani ya ganda lake utaonekana namba zikiruka.