Kukaa wawili ndani ya chombo cha matanga, kuanzia Mikindani mpaka Lindi

Maelezo haya ni ya mume na mke, au wenza wowote wawili, wanaotaka kulala, kupika na kufanya kazi ndani ya chombo cha mita 9 mpaka 11, cha mbao au cha faiba, chenye mkuku, yaani uti wa chini, unaozama mita 1.5 na injini ndogo ya dizeli. Wengi huanza kwa kuuliza habari za tanga. Mkikaa ghuba ya Mikindani, karibu na Mtwara kusini mwa Tanzania, tanga litapanda siku chache tu kwa mwezi. Kinachoamua mnalalaje, mnakula nini na mnashuka pwani saa ngapi ni maji, ya bahari na ya tangi.

Saa za maji

Pwani hii, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3. Siku za maji mafu ni mita moja na kidogo.

Andikeni saa hizo kwa chaki kwenye ubao mdogo karibu na jiko, kila asubuhi, kwa sababu kosa la kwanza la wageni wa Mikindani ni la kidau cha kushukia. Mnashuka saa kumi jioni ya bamvua, maji yamejaa mpaka ukingoni, mnafunga kidau kwenye mkoko na kwenda sokoni. Mkirudi saa tatu usiku kidau kimekaa juu ya matope, na maji yako mbali. Hapo mtangoja mpaka kama saa saba usiku, au mkiburute kwenye tope la magotini. Siku za bamvua, aliyeshuka saa kumi jioni awe amerudi kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mkilazimika kwenda kwenye tope, vaeni viatu na burureni miguu bila kuinyanyua, maana samaki aitwaye taa hujifukia humo na mwiba wake hupasua kisigino.

Nanga

Urefu wa amari, yaani kamba ya nanga, au mnyororo huhesabiwa kwa kina cha maji yaliyojaa. Chukueni kina cha sasa, ongezeni maji yatakayopanda, ongezeni kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kutoka usawa wa maji, kisha zidisheni mara 5 kwa mnyororo mtupu, au mara 7 kama sehemu kubwa ni kamba.

Mfano: mmefika saa nne asubuhi, maji yamekupwa, kina ni mita 4. Maji yatapanda mita 3.5 na omo iko mita 1 juu. Jumla 8.5, mara 5, ni mita 42 na nusu za mnyororo. Anayehesabu kwa kina alichokiona tu atatoa mita 25. Asubuhi ile chombo kitatulia vizuri, lakini saa kumi jioni mita 25 kwa jumla ya 8.5 ni chini ya mara 3. Mnyororo haulali tena chini, unanyanyua shingo ya nanga, na nanga inaanza kutambaa. Ndiyo maana vyombo vingi hukokota nanga jioni na alfajiri za bamvua, hata siku isiyo na upepo mkali.

Mkifika maji yamejaa, geuzeni swali: maji yakishuka, mkuku utabaki na nafasi gani chini yake? Acheni angalau mita moja. Na mduara ambao chombo kitazunguka usiguse mtumbwi wa mtu, dema (mtego wa samaki) wala nyavu. Waulizeni wavuvi wa hapo kabla ya kutupa nanga. Wanajua wapi pana matope yanayoshika na wapi pana mawe, na ghuba ni shamba lao.

Mkishatoa mnyororo wote, rudisheni injini nyuma polepole, kisha kwa nguvu ya kati kwa dakika moja. Mmoja aweke mkono juu ya mnyororo: ukitetemeka na kurukaruka, nanga inaburuzika kwenye mawe au nyasi, ukikaza na kunyamaza, imeshika. Chagueni alama mbili nchi kavu zilizopangana, kwa mfano pembe ya Boma ya Mikindani na shina la mnazi mmoja, na alama nyingine mbili upande wa pili. Zikiachana wakati upepo haujageuka, mnatembea.

Kazi hii isifanywe kwa kelele. Aliyeko omo hasikiki kwa mwenzake aliyeshika usukani, injini ikinguruma, na maneno yanayotoka kwa sauti ya juu husikika kama ugomvi. Kubalianeni ishara za mkono kabla hamjaingia ghubani: mkono unaonyosha upande wa kwenda, kiganja kinachoshuka ni polepole, ngumi juu ni simama, kidole kinachozungushwa nyuma ni rudisha. Na mbadilishane zamu. Chombo cha watu wawili ambacho mmoja tu anajua kung'oa nanga, kuwasha injini, kushusha tanga na kuita kwa redio kwenye chaneli 16 ni chombo cha mtu mmoja mwenye abiria, na siku huyo mmoja akishikwa na homa kali hakuna nahodha.

Matumbawe msiyaguse kwa nanga. Kuanzia Msimbati kuelekea Ruvuma mko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Pitieni kwanza kwa wahifadhi, lipeni ada na muulize mahali pa kutia nanga.

Maji ya tangi

Watu wawili wanaojibana hutumia lita 15 kwa siku: lita 6 za kunywa, 3 za kupikia, 6 za kujisuuza na kusuuza vyombo. Tangi la lita 300 basi ni siku 20, lakini kujaza kufanyike siku ya 14. Maji ya madumu ya lita 20 yanabebwa kwa kidau, na safari moja ya madumu manne ni kilo 80 juu ya kilo zenu wenyewe. Bebeni wakati maji yamejaa, kidau kifike ukingoni.

Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya chumvi, tumieni ya maji. Wali hupikwa kwa kikombe kimoja cha maji ya bahari kwa vitatu vya baridi, bila kuongeza chumvi. Lakini haya ni ya nje ya ghuba, pasipo mfereji wala makazi. Ndani ya Mikindani, au kwenye mdomo wa Lukuledi pale Lindi, maji ya bahari msiyapikie.

Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Turubai la mita 3 kwa 2 lililofungwa kwa mteremko, na mpira kwenye kona ya chini, hukinga lita 60 kwa mvua ya milimita 10. Maji ya dakika kumi za kwanza yamwageni, yana chumvi, vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata yapite kwenye kitambaa safi na yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Jiko

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani hutoka mlangoni. Ikivuja chomboni huteremka mpaka chini ya sakafu na kukaa hapo ikingoja cheche ya swichi. Mtungi wa kilo 6 ukae nje, kwenye sanduku lenye tundu la kutolea gesi baharini. Anayemaliza kupika afunge kwanza valvu ya mtungini, aache moto ujifie wenyewe, ndipo afunge jiko. Kila wiki pakeni povu la sabuni kwenye viungo vya mpira. Povu likivimba, badilisheni mpira. Gundi na mabaki ya nailoni hayazuii gesi.

Mbaazi na kunde zilowekeni tangu usiku na zipikwe kwenye sufuria ya presha, mtaokoa gesi na maji. Ugali unataka mikono miwili, mmoja wa mwiko na mmoja wa sufuria, na chombo kikiyumba hakuna wa tatu wa kujishikia. Fungeni vyuma vya kubana sufuria juu ya jiko, na mpishi aegemee mkanda uliofungwa nyuma ya kiuno. Asisonge akiwa na kanga peke yake. Maji ya moto humwagikia mapajani.

Maboksi ya dukani yaishie pwani, kwa sababu mende hutaga kwenye mikunjo yake. Unga na mchele viingie kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana. Mayai yasioshwe, na yageuzwe kila siku mbili.

Umeme

Paneli mbili za wati 100 hutoa kama wati-saa 700 kwa siku ya jua. Friji ndogo ya volti 12 hula karibu 500, na kinachobaki ni taa, simu na redio. Betri za asidi msizishushe chini ya nusu: zikitulia bila mzigo, volti 12.7 ni zimejaa na 12.2 ni nusu. Zikizoea kufika 11.8 hazimalizi mwaka. Kivuli cha kamba moja juu ya paneli hupunguza umeme kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo vuteni foromali, mti wa tanga, pembeni mkishatia nanga. Taa ya nanga iwake usiku kucha. Wavuvi hupita bila taa, na wao ndio watakaoumia.

Ngama, choo na mwili

Kila asubuhi kabla ya chai, fungueni mbao za sakafu mtazame ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo yanakokusanyika maji. Kukiwa na maji yasiyo na mafuta, chovyeni kidole, muonje kidogo na mteme. Yakiwa ya chumvi, angalieni shafti ya pangaboi na valvu za chini. Yakiwa baridi, tangi linavuja au mvua imepenya. Shafti yenye kamba ya kuzibia hudondosha matone machache kwa dakika ikizunguka, na ikisimama iwe kavu. Ikiendelea kudondosha, kazeni nati kwa robo mzunguko tu. Ikikazwa sana huungua. Karibu na kila valvu fungeni kigingi cha mti laini, cha kupigilia ikikatika.

Choo cha pampu kisitiwe karatasi hata moja. Ghuba wanakovulia na kuokotea chaza watu isitupiwe kinyesi: ndoo ya vumbi la mbao, mkojo ukitengwa, huenda kufukiwa pwani.

Tieni nanga mita 200 au zaidi kutoka mikokoni na mbu watapungua, lakini chandarua kibaki. Homa yoyote ipimwe malaria ndani ya siku moja; Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, Lindi kuna ya Sokoine.

Mkisafiri usiku, zamu ni saa tatu tatu, na aliye zamu peke yake ajifunge kamba ya usalama kwenye sitaha kabla mwenzake hajafumba macho. Aprili na Mei sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku. Kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952, na Kenneth ya Aprili 2019 ilitua kaskazini mwa Msumbiji.

Kupweleza

Upepo wa kusi ukiisha nguvu, au tanga mbili ya Aprili, pepo zikibadilishana, chombo hupandishwa mchangani kukwanguliwa na kupakwa. Hapa saa za bamvua zinawafaa: mnapanda na maji ya alfajiri, chini kunakauka tangu saa mbili mpaka saa sita, na jioni mnaelea tena.

Siku ndiyo yenye mtego. Msipande siku ya kilele cha bamvua. Maji ya kesho yake yatakuwa pungufu, na chombo kilichokaa juu ya alama ya jana kitapwelewa hapo wiki mbili. Pandeni siku mbili kabla ya kilele, maji yakiwa bado yanaongezeka, ili kosa la leo linyanyuliwe na maji ya kesho.

Tembeeni eneo hilo siku iliyotangulia, maji yakiwa yamekupwa, mtoe mawe na mpige vijiti alama. Magadi mawili, yaani miti ya kuegemezea chombo, kila upande, kila moja likiwa na kipande cha ubao chini yake lisizame, na kamba mbili kutoka mlingotini kwenda nchi kavu. Kiegemezeni kidogo upande wa nchi kavu kwa kuhamishia madumu ya maji upande huo. Kikiegemea baharini, maji yanayorudi yataingia kabla hakijasimama.

Kwangueni wakati mwili wa chombo bado una unyevu, kwani chaza zikikauka hushika kama saruji. Chombo cha mbao kikaguliwe kila mshono: sukumeni kisu chembamba, na kikizama bila kugoma toeni pamba yote ya sehemu hiyo mtie kalafati (pamba ya kuzibia) mpya. Rangi isipakwe mbao au faiba ikiwa bado na maji. Futeni, ngojeni saa moja ya jua, pakeni, na muwe mmemaliza kabla ya saa sita. Mmoja abaki ndani maji yakianza kugusa mkuku, sakafu ikiwa wazi na tochi mkononi, akitazama mishono, mwenzake akilegeza kamba za magadi moja moja kutoka tezi, yaani nyuma, kwenda omo.