Jinsi ya Kutoa Maoni juu ya Riwaya ya Mauaji na Maajenti wa FBI

"Tamu sana" na "mwisho haukunibamba" si maoni. Msomaji wa Kisumu au Nakuru anayejiuliza kama anunue kitabu kwa wauza mitumba au akitafute maktaba kwanza anahitaji kujua kama upelelezi wenyewe una mashiko.

Kazi huanza kabla ya sura ya kwanza. Kunja karatasi iwe ya kuwekea alama kitabuni, uigawe safu tatu: sura, kidokezo, nani anakijua. Andika mstari mmojammoja tu, la sivyo utachoka. Ukifika nusu ya kitabu, simama. Andika unayemshuku na sababu yake. Ukimaliza, rudia karatasi hiyo. Muuaji ambaye hakuonekana wala kutajwa kabla ya nusu ni dalili kwamba mwandishi alikuficha. Hali ni hiyo hiyo ikiwa ajenti aliliona jambo muhimu nawe ukanyimwa. Lakini kama vidokezo vilikuwepo ukavipuuza, mwandishi amekushinda kihalali, na anastahili sifa.

Kisha chunguza mamlaka. Hapa ndipo wasomaji wengi wa kwetu hukosea. Tumezoea DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya: mauaji yatokee Busia au Molo, idara ni moja ya taifa zima. Marekani, mauaji kwa kawaida ni kosa chini ya sheria za jimbo, na kesi huwa ya polisi wa mji au sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. FBI, wapelelezi wa serikali kuu, huhitaji sababu ya kuingia: aliyeuawa ni afisa wa serikali kuu akiwa kazini, mauaji yametokea kwenye ardhi ya serikali hiyo, au polisi wa pale wameomba msaada. Sheria ya mwaka 1998 inawaruhusu kuchunguza mauaji ya mfululizo wakiombwa, na mfululizo maana yake ni vifo 3 au zaidi. Kwa hiyo itafute sura inayotaja sababu hiyo. Ikikosekana, maajenti wakatua tu na kumpokonya sherifu faili, huo ni udhaifu na useme wazi. Usiandike kwamba ugomvi wa sherifu na maajenti unapoteza muda. Mara nyingi ndio uti wa mgongo wa hadithi.

Ushahidi nao upimwe. Wasifu wa muuaji unaochorwa na wataalamu wa tabia wa FBI, kitengo kilichoanza mwaka 1972 na kujulikana kwa kazi yake ya Quantico, Virginia, hupunguza orodha ya washukiwa. Haumtii mtu hatiani. Maiti huanza kukakamaa baada ya saa chache, hukakamaa kabisa kwenye saa 12 hivi, halafu hulegea tena. Joto huharakisha yote hayo, hivyo maiti iliyolala Kisumu haitakuwa sawa na iliyolala kwenye baridi ya Molo. Daktari wa riwayani anayetaja dakika ya kifo kwa kukagua mwili tu hastahili kuaminiwa.

Sasa andika, maneno 250 yanatosha. Hukumu yako ije kwenye sentensi ya kwanza. Muhtasari usivuke robo ya kwanza ya kitabu. Toa mifano miwili, mmoja wa kusifu na mwingine wa kukosoa, kisha useme kama kuna ukatili dhidi ya watoto au maelezo marefu ya maiti. Wapo wasiotaka kusoma hayo, na wana haki ya kuonywa.

Usimtaje muuaji hata kwa kazi, umri au ukoo. "Hutaamini ni nani" pia huharibu, maana mwenzako ataanza kumshuku asiyeshukiwa. Ukituma kwenye kundi la WhatsApp na ni lazima ugusie mwisho, anza na onyo, halafu acha mistari mitupu ili siri isisomeke kabla mtu hajafungua ujumbe. Na taja sura badala ya ukurasa: nakala ya simu na ya karatasi hazilingani kurasa.