Usifagie stoo kavu: virusi vya panya wa porini viko kwenye vumbi

Ndugu wakulima, leo naongelea ufagio. Umefungua stoo iliyokaa miezi miwili mitatu bila mtu kuingia, harufu ya mkojo wa panya inakupokea mlangoni, ukimulika chini unaona vinyesi vyeusi vidogo kama punje za mchele, gunia la pembeni limetobolewa na kwenye kona kuna kiota cha nyasi na vipande vya karatasi, basi unashika ufagio unaanza kusukuma vumbi kwenda nje. Hapo ndo watu wanapoumia. Panya alishapita zamani, wewe unaambukizwa siku unayofagia.

Sababu yake ni hii. Panya wa porini anaweza kukaa na virusi muda mrefu, hata maisha yake yote, na asiumwe, anakula, ananenepa, anazaa, huku mkojo, kinyesi na mate yake vinamwaga virusi tu. Mkojo ukikauka unabaki kwenye vumbi, ukifagia vumbi linapanda, unalivuta. Hiyo ndo njia kubwa ya virusi vya hanta, kundi mojawapo la virusi hivyo vya panya, kumwingia mtu, kung'atwa nako kunaambukiza ila hutokea mara chache. Na usijidanganye kwamba utamjua panya mwenye virusi kwa kumwangalia, yule mnene manyoya yanang'aa anaweza kuwa ndo mwenyewe.

Jina hanta limetoka kwenye mto Hantan huko Korea, ambako maelfu ya askari waliugua homa ya kuvuja damu na figo kushindwa kazi wakati wa vita vya miaka ya 1950, kirusi chenyewe kikaja kupatikana miaka ya 1970 kwenye panya wa mashambani. Mwaka 1993 kusini magharibi mwa Marekani vijana wenye afya zao wakaanza kufa mapafu yamejaa maji, ikaonekana ni hanta ya aina nyingine, na hiyo inaua karibu watu 4 kati ya kila 10 inaowashika mapafu. Halafu kuna homa ya Lassa, iliyojulikana Nigeria mwaka 1969, hii inabebwa na panya mwenye chuchu nyingi anayehama kati ya shamba na nyumba, na huambukiza sana kupitia chakula na vyombo alivyokojolea. Argentina nako kuna homa ya panya iliyowapata zaidi wavunaji wa mahindi, mavuno yakianza na wagonjwa wanaanza. Naitaja makusudi, manake anayekutana na panya wa porini wa kwanza kabisa ni mkulima.

Sasa usafi wenyewe. Fungua mlango na madirisha, toka nje, subiri nusu saa hewa izunguke. Vaa glovu za mpira, na kama uchafu ni mwingi vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, kitambaa cha kufunga puani hakikukingi vya kutosha. Changanya klorini ya maji ile ya kufulia nguo nyeupe, kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji, changanya siku hiyo hiyo, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi maana inaweza kutoa gesi inayochoma mapafu. Mwagia taratibu kwenye vinyesi, kiota na sehemu zenye mkojo mpaka vilowe chapachapa, usipige kwa presha kubwa maana na hiyo inarusha. Subiri dakika 5. Ndo uokote kwa karatasi au kitambaa, weka kwenye mfuko, funga, weka ndani ya mfuko mwingine, funga tena. Baada ya hapo piga deki sakafu yote na uifute meza na rafu kwa maji yale yale ya klorini. Glovu zioshe zikiwa bado mkononi, vua, kisha nawa mikono kwa sabuni. Panya aliyekufa naye ni hivyo hivyo, mloweshe kwanza, mifuko miwili, umfukie mbali na kisima kwenye shimo ambalo mbwa hawezi kufukua.

Kwenye kutega mimi napendelea mtego wa kubana unaoua papo hapo. Mtego wa gundi na ule wa kumnasa mzima siushauri kabisa, panya akinaswa hai anahangaika na kukojoa ovyo, yaani unajiongezea kile unachokikimbia. Kutega kunasaidia kweli, kule San Joaquín nchini Bolivia homa ya panya iliua watu wengi miaka ya 1960, na kilichoizima ni kutega panya majumbani mfululizo. Ila ukitega bila kuziba matundu utatega milele. Panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita 6, unene wa penseli tu, kwa hiyo jaza stiliwulu halafu ziba na simenti. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse ukuta, na nafaka ya kula weka kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Fyeka nyasi zinazozunguka stoo. Chakula kilichotafunwa au kukojolewa usikatekate sehemu mbaya ukala iliyobaki, tupa.

Cha mwisho ni homa. Hanta inaweza kujitokeza wiki 1 mpaka 8 baada ya kuvuta lile vumbi, Lassa inaweza kuchukua mpaka wiki 3, na mwanzo wake unafanana na malaria au mafua makali: homa, kichwa, uchovu, misuli ya mapaja na mgongo inauma, wengine tumbo na kutapika. Kikohozi na kubanwa pumzi vinakuja siku kadhaa baadaye na vikishakuja mambo yanaenda mbio. Hanta haina dawa maalumu ya kuiua, mgonjwa anasaidiwa kupumua na figo zinaangaliwa, kwa hiyo kuwahi hospitali ndo kila kitu. Ukifika usiseme tu nina homa, mwambie daktari nilisafisha stoo yenye panya, na umtajie ilikuwa wiki gani, maana bila hilo hawezi kuwazia panya.